Manukuu ya habari mubashara: mashine isiachiwe kubahatisha

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya skrini wakati wa taarifa ya habari, hasa yanayotolewa papo hapo na programu za kutambua usemi. Tunaandika kama watu wa mitambo ya sauti na manukuu. Programu hizi sasa zinapatikana kwa gharama ambayo hata kituo kidogo cha Mbarara au Gulu kinaweza kuimudu, na Kiswahili, ambacho Katiba yetu ya Uganda inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, kimo kwenye orodha za lugha zinazodai kuzijua. Kishawishi ni kuchomeka waya wa sauti upande mmoja, kupokea maandishi upande wa pili, kisha kutangaza kwamba haki ya viziwi imetimizwa. Tunawasihi wakuu wa vituo wasifanye hivyo, na tunataka kueleza sababu zake pamoja na njia inayofanya kazi.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006 ilimtaka kila mwenye kituo cha televisheni aweke mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu katika angalau taarifa moja kuu ya habari kila siku, na katika vipindi maalumu vyenye uzito wa kitaifa. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2020 ikatungwa sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2006. Hofu yetu ni kwamba kituo kitakachopata manukuu ya bei nafuu kitamwona mkalimani kuwa gharama ya ziada na kumwondoa. Hilo litakuwa kosa kubwa. Kiziwi aliyekulia katika Lugha ya Ishara ya Uganda huenda Kiswahili cha maandishi hakukifundishwa hata darasa moja. Manukuu yanamfaa zaidi mzee aliyepoteza usikivu ukubwani, mtu anayesikia kwa shida, mwanafunzi anayejifunza Kiswahili, na abiria anayengoja basi mahali ambapo televisheni imezimwa sauti. Hayo ni makundi mawili yenye mahitaji mawili. Mkalimani abaki kwenye kona yake, na manukuu yaongezwe.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Chukua sentensi hii: "Mbunge huyo amesema hatagombea tena." Ondoa h peke yake, ambayo msomaji wa habari akiwa na haraka husikika kama pumzi tu, unapata: "Mbunge huyo amesema atagombea tena." Sentensi zote mbili ni Kiswahili sanifu, kwa hiyo hakuna cha kuishtua programu. Utambuzi wa usemi hupima mambo mawili kwa pamoja: sauti iliyoingia inafanana na neno gani, na neno gani linatarajiwa baada ya yale yaliyotangulia. Hapa kipimo cha pili hakina msaada, maana mbunge anaweza kugombea na anaweza asigombee. Kinabaki kipimo cha sauti, nayo ni hiyo h ambayo wasemaji wengi wa ukanda wetu huidondosha au huiongeza pasipo mahali pake. Kwenye nafsi nyingine nyingi ukanushi hubeba silabi nzima, kama hatutalipa, hawatalipa, haitafungwa, na hatari hupungua. Nafsi ya tatu umoja, ndiyo inayotawala habari za kila siku, inaning'inia kwenye pumzi moja. Rais hatasafiri, mshtakiwa hatapewa dhamana, mgonjwa hataruhusiwa kutoka: zote zinaweza kugeuka kinyume chake bila mtu yeyote chumbani kugutuka.

Kisha kuna lafudhi. Katika Luganda, r huja baada ya e na i. Kwingine ni l. Mtu akiingia na mazoea hayo kwenye Kiswahili, kura inatoka kula, na mahari inatoka mahali. Anayesoma "wananchi wamejitokeza kupiga kula" ataelewa kilichokusudiwa. Anayesoma "ugomvi wa mahali umesababisha kifo" badala ya mahari, amepewa habari nyingine kabisa. Msomaji wa studio huwa amezoeshwa matamshi, lakini afisa wa polisi anayehojiwa barabarani hajazoeshwa, na haki ya kusikika kwa usahihi anayo vilevile.

Tatizo la tatu ni kwamba taarifa yetu ya Kiswahili haiwi ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Shahidi anaongea Luganda, waziri anajibu kwa Kiingereza, mwandishi anarudi kwenye Kiswahili. Programu iliyowekwa kusikia Kiswahili hainyamazi inapokutana na lugha nyingine. Hulazimisha kila sauti iwe Kiswahili. Mtu akisema "tugenda kulonda", yaani tunakwenda kupiga kura, unaweza kusoma "tunakwenda kulinda". Na majina ya mahali yako vivyo hivyo. Tuna zaidi ya wilaya 130 na Bunge lenye watu zaidi ya 500. Nakapiripirit, Bundibugyo, Ssembabule na Kyegegwa hayapatikani kwa wingi kwenye maandishi yaliyofunza programu za ng'ambo, kwa hiyo hukatwakatwa kuwa maneno matatu manne yasiyo na maana. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, na mwezi uliofuata Mubende na Kassanda zikafungiwa watu wasitoke wala kuingia, jina la wilaya ndilo lililokuwa habari yenyewe. Likikosewa, mtu anapanda gari kuelekea mahali asipopaswa kwenda.

Tarakimu nazo zina mitego yake. "Elfu ishirini na tano" inaweza kuandikwa 25,000 au 20,005, na zote mbili zina utetezi. Saa ni mbaya zaidi: programu iliyojengwa juu ya kanuni za Kiingereza ikisikia "saa mbili usiku" inaandika 2:00, wakati mchoro ulioko skrini hiyohiyo unasema 8:00 PM. Dawa yake ni rahisi: zima ugeuzaji wa saa kuwa tarakimu zenye nukta mbili, acha iandikwe "saa 2 usiku". Fedha ziandikwe kwa tarakimu na neno, kama "shilingi bilioni 2.3", na kiasi kitolewe kwenye hati ya msomaji, si kwenye masikio ya mashine.

Hiyo hati ndiyo kiini cha barua hii. Karibu kila neno la msomaji wa habari limeshaandikwa kabla hajalitamka. Liko kwenye teleprompta, kile kioo kinachomwonyesha maneno ya kusoma, limepita kwa mhariri, na majina yote yameandikwa sawasawa. Ripoti za waandishi zimerekodiwa na kuhaririwa saa kadhaa kabla. Kuiomba mashine ikisie maneno ambayo kituo tayari kinayo kwenye kompyuta ni kutupa usahihi bure. Kwa sehemu ya msomaji, programu ya utambuzi isiulizwe "amesema nini" bali "amefika wapi": inasikiliza, inalinganisha na hati, na kusogeza mstari wa manukuu kwa mwendo wake. Hapo hata h ikimezwa, maandishi yanabaki "hatagombea". Kwa ripoti zilizorekodiwa, faili la manukuu litengenezwe pamoja na ripoti yenyewe, likiwa na tafsiri ya walioongea Luganda au Kiingereza, na lirushwe ripoti inapoanza. Baada ya hapo, kinachobaki kuwa mubashara kwa kweli ni sehemu ndogo: mwandishi aliye nje, mgeni wa studioni, na habari iliyozuka ghafla.

Lakini hati peke yake haitoshi. Marekani ilishaliona hilo: vituo vya mitandao minne mikubwa ya televisheni katika masoko 25 makubwa zaidi ya utangazaji haviruhusiwi kutegemea maandishi ya teleprompta peke yake, kwa sababu mahojiano na habari za ghafla zilikuwa zikipita bila neno hata moja skrini. Sehemu hiyo ndogo ndiyo mara nyingi yenye uzito zaidi, na ndiyo inayohitaji mtu.

Mtu huyo ni mrudiaji. Anakaa kwenye chumba kidogo kimya, amevaa vipokea sauti, anasikiliza matangazo na kuyarudia kwa sauti yake mwenyewe kwenye maikrofoni yake, akitamka na alama: "nukta", "mkato", "alama ya kuuliza". Programu inamsikia yeye tu. Imezoea sauti moja, chumba kimoja, maikrofoni moja. Kelele za soko la Owino au za mkutano wa hadhara haziifikii. Mrudiaji anatamka h kwa makusudi, anasema kura kwa r, na akikutana na Luganda anaileta kwa Kiswahili. BBC ilianza kutumia warudiaji mwaka 2001. NHK, shirika la utangazaji la Japani, iliyoanza kuweka manukuu ya utambuzi wa usemi kwenye habari mwaka 2000, iliiacha mashine imsikilize msomaji wa studio moja kwa moja, lakini ikaweka watu wa kusahihisha papo hapo, na ikawa inailisha programu hati za habari za siku hiyo kabla ya matangazo ili ijue majina mapya. Sisi tutumie yote mawili. Wakalimani wetu wanaofanya kazi kwenye mikutano tayari wana ujuzi wa kusikia na kusema kwa wakati mmoja. Wakifundishwa kutamka alama na kufupisha, wanafaa. Wasiachwe wafululize zaidi ya dakika 15 au 20, kwa sababu akili ikichoka maneno madogo ndiyo yanayoanguka kwanza, na "si" na "wala" ni maneno madogo.

Kando ya mrudiaji awepo msahihishaji mmoja mwenye kibodi, anayeona mstari kabla haujaenda hewani. Kazi yake isiwe kurekebisha kila herufi, hatawahi. Aangalie vitu vinne tu: ukanushi, majina, tarakimu, na nani amesema. Nafasi ya mkato iliyokosekana aiache.

Kuhusu sauti, makosa mengi tunayoyaona huanza kabla programu haijaguswa. Sauti ya kwenda kwenye utambuzi isichukuliwe kwenye matokeo ya mwisho ya miksa, mtambo wa kuchanganya sauti, ambako muziki wa vichwa vya habari umeshachanganywa. Itolewe kwenye njia ya pembeni ya miksa, ikibeba maikrofoni za studio na laini ya mwandishi tu, na vilele vyake vikae desibeli 12 hadi 6 chini ya kikomo cha dijitali. Studio hufanya kazi kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde. Modeli nyingi za usemi, zile injini zilizofunzwa kutambua maneno, zinataka 16,000, chaneli moja. Ugeuzaji ufanyike mara moja, kwa programu yenye kichujio, maana kuruka sampuli bila kuchuja huzikunja sauti za juu na kuichafua s. Mpiga simu ni shauri jingine. Simu ya kawaida hukata kila kitu kilicho juu ya takriban hertzi 3,400, na huko ndiko s, f na th hupambanuka. Sauti ya simu ipitie kwa mrudiaji kila mara.

Wanaotaka kutumia modeli za bure wajue zilivyojengwa. Whisper ya OpenAI, iliyotolewa 2022, inasikiliza vipande vya sekunde 30. Haikutengenezwa kwa mkondo usiokoma, na ikilishwa kimya au muziki inaweza kuandika sentensi nzima ambayo hakuna aliyeisema. Luganda haimo kwenye lugha zake. Mbele yake lazima iwekwe programu ndogo ya kugundua kama kuna mtu anayesema, na kikiwa kimya isipelekewe chochote. Modeli ikifunzwa zaidi kwa sauti za hapa hupata nafuu kubwa, na vituo vyetu vimekalia hazina: miaka ya taarifa zilizorekodiwa pamoja na hati zake. Mkusanyiko wa rekodi za sauti wa Mozilla Common Voice una mamia ya saa za Kiswahili na za Luganda, na kwa Luganda watafiti wa Makerere wamefanya kazi ya kupongezwa. Ila hizo ni sentensi fupi zilizosomwa na watu waliotulia. Hazifanani na mkutano wa waandishi wa habari. Sauti za kituo ndizo zitakazoziba pengo hilo. Jambo moja lisisahaulike: rekodi za kupimia zitengwe mapema, zenye wasomaji ambao modeli haijawahi kuwasikia, la sivyo kipimo kitawadanganya.

Na kipimo chenyewe? Wauzaji hutaja asilimia ya maneno yaliyokosewa: yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kwa kulinganisha na jumla ya maneno yaliyosemwa. Msomaji akisoma maneno 120 kwa dakika, makosa ya 5% ni maneno 6 kila dakika, 180 kwa taarifa ya nusu saa. Hilo linasaidia kuona ukubwa wa tatizo, lakini linahesabu "na" iliyopotea sawa na "hatagombea" iliyogeuka "atagombea". Ulaya wanatumia zaidi kipimo cha NER, kinachotoza kosa dogo robo pointi, la wastani nusu pointi, na zito pointi nzima, kisha kudai manukuu yafikie 98%. Ni bora zaidi, ila kwetu bado kinaacha mlango wazi. Kwa maneno 600, yaani dakika tano, 98% inaruhusu pointi 12, na pointi 12 zinaweza kuwa sentensi 12 zilizogeuzwa maana. Tunapendekeza makosa yanayoleta habari ya uongo inayoaminika yahesabiwe peke yake na yatangazwe peke yake. Mtazamaji akiona neno la ajabu anajua limekosewa. Uongo ulioandikwa vizuri hana namna ya kuujua.

Skrini nayo ina msongamano. Chini kuna ukanda wa vichwa vya habari unaotembea, juu yake jina la anayeongea, kona moja mkalimani, kona nyingine saa na nembo. Manukuu yakae mistari miwili, juu ya ukanda, bila kugusa mkalimani, maandishi meupe juu ya mstatili mweusi. Mstari usizidi herufi 37 hivi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mwendo upimwe kwa herufi, sio kwa maneno kama miongozo ya Kiingereza inavyofanya. Anayeongea akibadilika, mstari mpya uanze na alama. Programu za papo hapo huandika neno, zikalifuta, zikaandika jingine. Neno lisionyeshwe mpaka limebaki vilevile mara mbili mfululizo, na likishaonyeshwa lisiguswe. Hiyo itaongeza ucheleweshaji kidogo. Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa Uingereza, iliweka sekunde 3 kuwa lengo. Kwa mrudiaji na msahihishaji, sekunde 5 hadi 7 ni jambo la kawaida, na tungechagua sekunde 6 zenye ukweli kuliko 2 zenye kubahatisha.

Kuhusu urushaji, tunashauri kwa sasa manukuu yachomwe ndani ya picha yenyewe. Mfumo wetu wa televisheni ya dijitali, DVB-T2, unaweza kubeba manukuu ya kuwashwa na kuzimwa kwa rimoti, lakini mkondo wake ni lazima upite salama kwenye mitambo ya msambazaji wa mawimbi na utangazwe kwa msimbo wa lugha "swa", yaani Kiswahili. Mtambo mmoja ukiuacha njiani, king'amuzi hakionyeshi kitu na kituo hakijui. Mikondo ya YouTube na Facebook haiubebi kabisa. Huko kunahitajika faili la aina nyingine. Maandishi yaliyochomwa yanafika kote.

Na kila kitu kitakatika siku moja. Intaneti ikikatika, kosa la kawaida ni sentensi ya mwisho kubaki imeganda skrini wakati msomaji ameshahamia habari nyingine, na picha ya ajali ikabaki na maneno ya harusi. Kila mstari ujifute wenyewe baada ya sekunde 6 bila maneno mapya, na iandikwe "Manukuu yamekatika". Laini ziwe mbili za kampuni tofauti, kompyuta ya utambuzi iwe kwenye betri ya akiba, na sehemu ya hati iendeshwe na kompyuta iliyo palepale kituoni ili isitegemee laini yoyote.

Ombi letu kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda ni kanuni fupi: manukuu yasihesabiwe kuwa mbadala wa mkalimani, kituo kitunze rekodi ya manukuu pamoja na sauti yake, na kila robo mwaka kichapishe idadi ya makosa ya ukanushi, majina na tarakimu, yaliyohesabiwa na watu wasio waajiriwa wake, wakiwemo wanachama wa Chama cha Kitaifa cha Viziwi Uganda. Kwa wakuu wa vituo, mnaweza kuanza wiki hii bila kununua chochote. Chukueni taarifa tano za jioni zilizokwisha kurushwa, zipitisheni kwenye programu mnayofikiria kuinunua, kisha mkae na hati na kalamu nyekundu mhesabu sentensi ngapi zimegeuka maana. Idadi hiyo mtumie mkiongea na muuzaji.

Ni sisi,
Mafundi wa sauti na manukuu,
Kampala.